Vidhibiti asilia kwenye maktaba ya kiolesura ya majukwaa mengi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu ambao tayari wanaandika C++ au lugha ya jamii hiyo, wameshatengeneza dirisha moja mawili, na sasa wanataka kuandika maktaba yao ya kiolesura au kuongeza kidhibiti kipya kwenye maktaba iliyopo. Mifano mingi naichota wxWidgets, maktaba ya C++ ya kiolesura cha majukwaa mengi, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa ndani na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Majina ya funksheni nimeyaacha yalivyo, maana ndivyo utakavyoyaandika.

Kidhibiti asilia ni kitu gani hasa?

Ni kitufe, kisanduku cha maandishi, orodha au kitu kingine cha skrini kilichotengenezwa na mfumo wenyewe, nawe unakiomba tu. Kwenye Windows kila kimoja ni dirisha kamili lenye mpini wake (handle), uitwao HWND. Kitufe ni dirisha. Lebo ni dirisha. Hata ule mstari unaozungushia kundi la vitufe vya chaguo ni dirisha, tena la klasi ya BUTTON, jambo linalowashangaza wengi siku ya kwanza. Kwenye macOS ni kitu cha Objective-C kinachorithi NSView. Kwenye Linux, ukitumia maktaba ya kiolesura ya GTK, ni GtkWidget.

Maktaba yako inaweka ganda juu ya vitu hivyo vitatu. Anayetumia maktaba anaandika klasi moja ya kitufe. Ndani ya ganda kuna HWND, NSButton au GtkButton kutegemea alipoiunda programu. Ganda ni lako, lakini kilichomo kina mwenyewe. Kina tabia zake, kina kumbukumbu yake, kina wakati wake wa kuzaliwa na wa kufa, na karibu kila swali hapa chini linatokana na kusahau hilo.

Kwa nini nisichore mwenyewe, kikawa sawa kila mahali?

Unaweza. Maktaba kama Qt na Flutter zinachora zenyewe, na ziko programu nzuri sana zilizotengenezwa hivyo. Java yenyewe imepita njia zote mbili. AWT, maktaba yake ya kwanza ya kiolesura, iliyotoka na Java 1.0 mwaka 1996, ilitumia vidhibiti vya mfumo. Na kwa kuwa ilichukua vile tu vilivyopatikana kila mahali, ikabaki na vichache mno. Swing, iliyoingia rasmi kwenye Java 1.2 mwaka 1998, ikaamua kuchora kila kitu. Halafu IBM wakarudi upande wa vidhibiti asilia na SWT, ile iliyoibeba Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, tangu 2001.

Sababu yangu ya kusimama upande wa asilia naikumbuka vizuri. Niliwahi kuandika programu ya kusajili wanachama wa chama kimoja cha akiba, na vitufe nilichora mwenyewe: pembe za mviringo, rangi ya kijani, kivuli chini. Katibu aliyepangiwa kuitumia hakuwa anaona. Alikuwa anatumia NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows. Akabonyeza Tab. Kisoma skrini kikataja jina la dirisha, kikanyamaza. Akabonyeza tena, kimya. Kwa NVDA pale hapakuwa na kitufe chochote. Palikuwa na mstatili usio na jina, usio na kazi, usio na hali. Alisubiri kidogo, akasema, "Mwanangu, hapa hamna kitu." Nilikuwa nimemfungia mlango bila kujua kwamba kuna mlango.

Kitufe cha klasi ya BUTTON kingejitaja chenyewe: jina lake, kwamba ni kitufe, kwamba kimezimwa au la. Kingeitika ukibonyeza upau wa nafasi. Kingefuata rangi za utofautishaji mkubwa za mtu mwenye uoni hafifu. Kisanduku cha maandishi cha mfumo kinakuja na kutendua, kunakili, menyu ya kubofya kulia, na njia za kuandika Kichina au Kijapani ambazo peke yako zingekuchukua miaka. Anayechora analazimika kuvijenga upya hivi vyote. Qt wamefanya kazi hiyo, na wana watu wa kuifanya. Wewe na wenzako wawili hamna.

Ni maktaba zipi zinazotumia njia hii?

wxWidgets ndiyo mkongwe wa kundi: Julian Smart aliianza mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Edinburgh, akitaka programu moja iende kwenye mashine za Unix na kwenye Windows. Iliitwa wxWindows hadi 2004, ilipobadili jina kwa ombi la Microsoft. Nyingine ni SWT ya Java, LCL ya Lazarus kwa wanaoandika Pascal, na AWT iliyotajwa juu. Wanaoandika Python wanaipata wxWidgets kupitia wxPython.

Nianzie wapi kwenye Windows?

Na hiki hapa, kitufe kimoja:

    HWND kitufe = CreateWindowExW(0, L"BUTTON", L"Hifadhi",
        WS_CHILD | WS_VISIBLE | WS_TABSTOP,
        10, 10, 75, 23, mzazi, (HMENU)101, programu, NULL);

Mistari mitatu, na tayari kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, fonti. Ukiishia hapo, maandishi yatatokea kwa ile fonti nzito ya zamani iitwayo System. Lazima utume ujumbe wa WM_SETFONT kwa kila kidhibiti unachokiumba, mara tu baada ya kukiumba. Weka hilo kwenye klasi mama ya vidhibiti vyote, usimwachie mtumiaji wa maktaba.

La pili, sura. Kama kitufe chako kinaonekana cha mwaka 2000, cha kijivu chenye pembe kali, hujakosea msimbo. Vidhibiti vipya viliingia na Windows XP mwaka 2001 kupitia toleo la 6 la comctl32.dll, faili la Windows lenye vidhibiti, na Windows haikupi toleo hilo mpaka uliombe kwenye faili la manifest linaloambatana na programu. Bila ombi hilo unapewa toleo la zamani ili programu za kale zisiharibike. Watu hupoteza siku nzima hapa wakitafuta kosa kwenye msimbo ilhali kinachokosekana ni faili la XML la mistari kumi na kitu.

La tatu, WS_TABSTOP, alama inayoruhusu kitufe kifikiwe kwa Tab. Ukiisahau, kitufe kitafanya kazi kwa kipanya na asiyetumia kipanya hatakifikia kamwe. Na hata ukiiweka, Tab haitafanya kazi mpaka kitanzi chako cha ujumbe kimwite IsDialogMessage kabla ya kuusambaza ujumbe.

Nimebofya kitufe, lakini ganda langu halipati habari. Habari imeenda wapi?

Imeenda kwa mzazi. Huu ndio utaratibu wa Windows tangu zamani: kitufe kikibofywa, dirisha mzazi hupokea WM_COMMAND yenye namba ya kidhibiti, msimbo wa tukio kama BN_CLICKED, na HWND ya kitufe chenyewe kwenye lParam. Vidhibiti vya baadaye, kama orodha ya SysListView32 na mti wa SysTreeView32, hutuma WM_NOTIFY badala yake, lakini bado kwa mzazi.

Kazi ya maktaba ni kuirudisha habari hiyo kwa mwenyewe. Mzazi akipokea WM_COMMAND, achukue HWND iliyo kwenye lParam, atafute ni ganda gani lenye mpini huo, alipe ganda nafasi ya kushughulikia. Usitafute kwa namba ya kidhibiti: ndani ya WM_COMMAND namba hiyo ina biti 16 tu, na maktaba inayogawa namba yenyewe itagongana siku moja. Jedwali la kutoka HWND kwenda kwenye pointa ya ganda linatosha, wxWidgets inalo.

Ukitaka kuona ujumbe unaoingia kwenye kidhibiti chenyewe, kwa mfano kila kitufe cha kibodi kinachobonyezwa ndani ya kisanduku cha maandishi, utajiingiza kati kwa SetWindowSubclass. Usichoshughulikia, mpelekee mwenyewe kwa DefSubclassProc. Ukisahau mara moja tu, kisanduku kitaacha kufanya jambo dogo ambalo hukujua kuwa kinalifanya, na malalamiko yatakufikia baada ya miezi.

Kwenye Mac vitu vyangu vyote vimepinduka. Kilichotakiwa kuwa juu kiko chini.

Kwenye Cocoa, maktaba ya kiolesura ya macOS, sifuri ya vipimo iko kona ya chini kushoto. Kwenye Windows na GTK iko juu kushoto. Usianze kutoa urefu wa mzazi kila unapoweka kitu. Tengeneza NSView yako ya kubebea vidhibiti, uandike upya isFlipped irudishe YES, na uweke kila kitu ndani yake.

Matukio ya Mac yanakuja kwa njia mbili. Kitufe kina lengo na kitendo: unakipa kitu cha kuarifu na jina la mbinu ya kuita. Kisanduku cha maandishi kina mwakilishi anayeulizwa na kuarifiwa. Lakini kinachowatoa watu jasho ni jambo jingine: NSTextField haihariri maandishi yenyewe. Mtumiaji akibofya ndani, dirisha linatoa NSTextView moja, ambayo visanduku vyote vya dirisha hilo huazimana kwa zamu, na kuiweka juu ya kisanduku. Anayeandikiwa ni yule wa kuazimwa. Ndiyo maana ukirithi NSTextField na kuandika keyDown: yako, haiitwi unavyotarajia. Na ndiyo maana ukiuliza firstResponder ili kujua nani ana kibodi, unajibiwa NSTextView usiyoiumba, ukadhani kuna hitilafu. Muulize huyo mwakilishi wake ni nani. Atakuelekeza kwenye NSTextField yako. Kwa vitufe kama Enter na Esc, tumia control:textView:doCommandBySelector: kwenye mwakilishi.

Kwenye Linux, "asilia" ni nini?

Linux haina kidhibiti kimoja cha mfumo. Mazingira ya eneokazi ya GNOME yana GTK, ya KDE yana Qt, na seva ya kuchorea chini yao, iwe X11 au Wayland, haijui kitufe ni nini. Maktaba nyingi huchagua GTK na kuita hiyo asilia. Ni jibu la kuridhisha kwa anayetumia GNOME, na la nusu kwa anayetumia KDE. Mwambie mtumiaji wa maktaba yako ukweli huo kwenye maelezo.

GTK ina tabia mbili za kujua mapema. Kidhibiti hakikubali kubanwa chini ya kipimo chake cha chini; ukilazimisha, kitalalamika kwenye terminali na mpangilio utavurugika. Na kwenye GTK 3, ya 2011, baadhi ya vitu kama GtkLabel havina dirisha lao, kwa hiyo havipokei mibofyo mpaka uvifunge ndani ya GtkEventBox. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, imeondoa hilo, pamoja na klasi nzima ya GtkContainer. Kama ganda lako linategemea GtkContainer kila mahali, kuhamia toleo la 4 ni kuandika upya.

Wayland nayo hairuhusu programu kujiwekea madirisha mahali inapotaka kwenye skrini. Funksheni yako ya kusogeza dirisha kuu itaitwa, itarudi salama, na dirisha halitasogea.

Nikibadilisha thamani kwa msimbo, tukio langu linaitwa kana kwamba mtumiaji ndiye aliyebadilisha. Wakati mwingine haliitwi. Kwa nini?

Kwa sababu kila jukwaa lilijiamulia, na hata ndani ya jukwaa moja hawakukubaliana. Swali hili naliona ndilo muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwani kosa lake halionekani kwenye skrini yako. Linaonekana kwa mteja.

Chukua kisanduku tiki. Windows: ukituma BM_SETCHECK, hakuna BN_CLICKED inayotoka. Mac: ukibadili state ya NSButton, kitendo hakiitwi. GTK 3: ukiita gtk_toggle_button_set_active na hali ikabadilika, ishara ya "toggled" inatoka, sawasawa na mtu alivyobofya.

Sasa kisanduku cha maandishi. GTK inatoa "changed". Mac haimwarifu mwakilishi. Windows inatuma EN_CHANGE unapotumia WM_SETTEXT kwenye kisanduku cha mstari mmoja, lakini cha mistari mingi haitumi. Klasi ile ile, ujumbe ule ule, jibu tofauti.

Mtu akiandika programu ambamo kisanduku A kikibadilika kinasahihisha B, na B kikibadilika kinasahihisha A, kwenye Mac itatulia na kwenye Linux itazunguka mpaka ife. Kwa hiyo amua sheria ya maktaba yako siku ya kwanza, uiandike, kisha ulazimishe kila jukwaa liifuate. Mimi napendekeza: msimbo usizalishe tukio, mtumiaji pekee ndiye anayezalisha. Kwenye GTK zuia ishara kwa g_signal_handlers_block_by_func, badilisha, kisha uifungulie. Kwenye Windows weka alama ya muda ndani ya ganda kabla ya WM_SETTEXT na uiondoe baadaye. wxWidgets walijikuta na programu nyingi zilizotegemea tabia ya zamani, wakaweka mbinu mbili: SetValue inatoa tukio, ChangeValue haitoi. Hiyo ni heshima kwa waliotangulia. Wewe unayeanza upya huna deni hilo.

Vitufe vya chaguo vyote vya dirisha vimejifunga pamoja kwenye Mac. Nikichagua cha kundi la pili, cha kundi la kwanza kinazimika.

Windows hupanga makundi kwa WS_GROUP kwenye kitufe cha kwanza cha kila kundi. GTK hupanga kwa kukitaja kitufe kimoja wakati wa kuumba kingine. AppKit, sehemu ya Cocoa yenye vidhibiti, inaangalia vitufe vilivyo ndani ya mzazi mmoja vyenye kitendo kile kile, na kuvihesabu kundi moja. Maktaba yako, kwa uzuri wa mpangilio wake, imeipa vitufe vyote mbinu moja ya kuita. Basi vyote vimekuwa kundi moja. Yape makundi NSView tofauti za kubebea, au mbinu zenye majina tofauti.

Nani anamfuta nani?

Kwenye Windows, dirisha mzazi likifa, watoto wote wanakufa nalo, na kila mmoja hupata WM_NCDESTROY kama ujumbe wake wa mwisho. Hapo ndipo ganda liusahau mpini. Si kwenye WM_DESTROY, kwa kuwa baada ya hiyo bado kuna ujumbe njiani. Kwenye GTK kidhibiti kipya huzaliwa na rejea inayoelea, inayoshikwa na mzazi wa kwanza kukipokea. Ukitaka kukitunza bila mzazi, kishike kwa g_object_ref_sink. Kwenye Mac, mzazi anakishika na ganda lako linakishika, na lazima wote wawili waachie.

Ajali ya kawaida kuliko zote ni kufuta kitufe ndani ya tukio lake mwenyewe. Mtumiaji anabofya "Ondoa mstari huu", funksheni yako inafuta mstari pamoja na kitufe, kisha inarudi. Inarudi wapi? Inarudi ndani ya msimbo wa mfumo uliokuwa unashughulikia kubofya kwa kitufe hicho, ambao bado unataka kukichora kikiwa kimeachiwa. Wakati mwingine kumbukumbu ile bado haijaguswa, programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya arobaini inaanguka. Usifute hapo hapo. Panga kufuta kufanyike baada ya tukio kuisha. wxWidgets ina CallAfter. Chini yake unaweza kutumia PostMessage, g_idle_add, au dispatch_async kwenye foleni kuu.

Ukubwa wa kitufe niuweke ngapi?

Usiuweke. Muulize mwenyewe. Windows ina BCM_GETIDEALSIZE, Mac ina intrinsicContentSize, GTK ina gtk_widget_get_preferred_size. Kipimo cha 75 kwa 23 nilichotumia kwenye mfano ni cha Windows kwenye DPI 96 (nukta 96 kwa inchi), na hakitafaa popote pengine.

Sisi tunaotafsiri programu kwa Kiswahili tunalijua hili kwa macho. Kitufe kilichopimwa kwa "OK" kinabeba "Sawa" bila shida. Kilichopimwa kwa "Reset" kinapotakiwa kubeba "Rejesha mipangilio ya mwanzo", mtumiaji anaona "Rejesha mipan" na kubahatisha. Nimeiona kwenye programu za hesabu, za maktaba za shule, za zahanati. Mtafsiri anapunguza maneno mpaka sentensi inapoteza maana, wakati kosa lilikuwa la aliyeandika namba 75.

Na kwa kuwa tuko kwenye tafsiri: herufi za njia ya mkato. Windows huzitia alama kwa &, GTK kwa mstari wa chini, Mac haina kabisa na lazima uiondoe alama isije ikaonekana. Kwa Kiswahili menyu ya kawaida ina Faili, Fungua, Funga, Futa na Fonti. Maktaba ikichagua herufi ya kwanza yenyewe, kila kitu ni F. Mwachie mtafsiri aiweke alama ndani ya neno: Fun&gua, Fut&a.

"Sawa" ikae kushoto au kulia?

Windows, kushoto kwa "Ghairi". Mac na GNOME, kulia kabisa. Usimwachie mwandishi wa programu avipange kwa mkono; mpe chombo kinachoambiwa "hiki ni cha kukubali, hiki ni cha kughairi" na kivipange chenyewe. Kwenye wxWidgets ni wxStdDialogButtonSizer.

Tab haifiki kwenye vitufe vya Mac. Ni kosa langu?

Hapana. Kwa kawaida macOS inaruka kutoka kisanduku cha maandishi hadi kingine na kwenye orodha, ikiviacha vitufe, mpaka mtumiaji awashe urambazaji wa kibodi kwenye mipangilio. Usijaribu kuizidi nguvu.

Naweza kugusa kidhibiti kutoka uzi (thread) mwingine?

Hapana, kwenye jukwaa lolote. Uzi wa kazi upeleke ujumbe, uzi mkuu ubadilishe skrini.

Jukwaa moja halina kidhibiti ninachokihitaji. Nifanyeje?

Hapo ndipo unachora, na hakuna aibu. Angalia wxWidgets: wxListCtrl na wxTreeCtrl ni asilia kwenye Windows, na zimechorwa na maktaba kwenye GTK na Mac. wxDataViewCtrl ni kinyume: kwenye GTK ni GtkTreeView, kwenye Mac ni NSOutlineView, na kwenye Windows imechorwa. Mwandishi wa programu haoni tofauti kwenye msimbo wake. Lakini ukichora, kazi ya kisoma skrini ni yako. Tekeleza IAccessible au UI Automation, njia ambazo visoma skrini hutumia kukiuliza kidhibiti, kwenye Windows kabla hujakiita kidhibiti hicho kimekamilika.

Nina jedwali la mistari elfu tano na visanduku vitatu kila mstari. Linakwama.

Kila kisanduku ni dirisha, na Windows kwa kawaida huipa programu moja mipini 10,000 tu ya aina hiyo. Umeomba 15,000. Tumia orodha inayouliza data ya mistari inayoonekana peke yake, na kisanduku kimoja cha kuhariri kinachohamishwa pale mtumiaji alipobofya. Ndiyo ile ile mbinu ya kuazimana ya Mac.

Skrini mbili zenye DPI tofauti?

Tangu Windows 8.1 dirisha likivuka kwenda skrini nyingine hupata WM_DPICHANGED, ikiwa manifest imetamka kuwa programu inajua hilo. Hapo umba fonti upya, itume kwa watoto wote, kisha uwapange upya. Kwenye Mac mfumo wenyewe unabeba mzigo huu; picha zako tu ndizo zinazohitaji nakala ya ukubwa maradufu.

Na mandhari ya giza?

Mac inakupa bure tangu macOS Mojave ya 2018, mradi hukuandika rangi kwa namba. GTK inafuata mandhari ya mtumiaji. Kwenye vidhibiti vya zamani vya Windows hakuna njia rasmi iliyokamilika. Wanaofanya wanachora sehemu nyingi wenyewe. Ningekushauri uiache mpaka mambo mengine yatulie.

Nianze na jukwaa lipi?

Na mawili kwa pamoja, kamwe si moja. Ukianza na Windows peke yake, maktaba itachukua umbo la Windows: kila kidhibiti kitakuwa na namba, kila mahali patapimwa kwa pikseli, na siku ukifika Mac utabomoa. Chagua Windows na macOS, kwa sababu ndiyo yaliyo mbali zaidi. GTK itaingia katikati bila taabu kubwa.

Andika vidhibiti vitano tu: lebo, kitufe, kisanduku cha maandishi, kisanduku tiki na orodha. Kisha weka kipanya kando. Washa NVDA kwenye Windows, na VoiceOver, kisoma skrini cha Mac, kwa Cmd na F5, fumba macho, ujaze fomu yako kuanzia mwanzo hadi "Hifadhi". Vikisomeka vyote kwa sauti kwenye mashine zote mbili, ongeza cha sita.